Mlango Uliowambwa Kama Ngozi

Vijana, naomba msinitumie tena picha za milango iliyopinda. Simu yangu ni ndogo, macho yamechoka, na katika picha kila mlango unaonekana umenyooka mpaka mtu aniambie niangalie pale chini kushoto. Magoti hayaniruhusu tena kuja kwenu, na mgongo umeungana nayo. Kwa hiyo nitaandika hapa, mara moja, yale ninayoyajua kuhusu ubao uliojikunja. Atakayeniuliza tena nitamwambia akasome.

Nianze na jambo ambalo hamlifanyi. Mkiletewa kabati la kuunganisha, lile linalokuja vipande vipande ndani ya boksi, mkakuta mlango umepinda, mnakimbilia randa au mnatafuta mawe ya kuukandamiza. Tulieni. Ulazeni ubao mezani, muutazame chali, muutazame kifudifudi, kisha mjiulize upande upi umekunywa na upande upi una kiu. Upande uliokunywa maji hutanuka. Upande mkavu husinyaa, na ubao mzima hujikunja kuelekea huko kwenye ukavu. Penye bonde ndipo penye kiu. Mkilijua hilo mmemaliza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuvumilia, na hiyo sijui namna ya kumfundisha mtu. Mimi niliipata kwa kulazimishwa.

Sikuanza maisha kama fundi. Nilirudi Bariadi na shahada ya uchumi, miaka ile ya ruksa, wakati serikali ilikuwa inapunguza watu maofisini badala ya kuongeza. Nilikuwa nimesomea jinsi soko linavyofunguliwa. Sasa soko lilikuwa limefunguliwa kweli, na mimi nimekaa nje yake, kwenye benchi la mama yangu, nikijiuliza kama barua zangu za maombi nilizikosea salamu au nilizikosea bahasha. Kila kitu kilikuwa kinaingia. Mitumba iliingia, redio ziliingia, pamba ikaanza kununuliwa na wafanyabiashara wenye malori yao. Na siku moja dukani pale mjini yakaingia maboksi marefu, bapa, yenye picha ya kabati juu na makelele ya skrubu ndani.

Fundi Bugumba, aliyekuwa na karakana karibu na stendi, aliyachukia maboksi yale tangu siku ya kwanza. Yeye alikuwa mtu wa mninga. Kitanda chake kilihitaji wanaume wanne kukibeba na ukoo mzima kukirithi. Alichukua kipande cha ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, akakigonga kwa ukucha, akanipa.

"Msomi," akasema, maana ndivyo alivyoniita mpaka mwisho, "huu siyo ubao. Hili ni andazi. Likilowa, lileni."

Lakini wateja walikuwa wanakuja na maboksi, siyo na magogo. Akanichukua nimsaidie kuyaunganisha, kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wa kuisoma karatasi ya michoro tena na tena kabla ya kushika bisibisi. Nilikuwa nahesabu skrubu, nazipanga kwa urefu, halafu nazihesabu upya nikihofia ile hesabu ya kwanza niliifanya nikiwa na wasiwasi. Bugumba alikuwa akipiga kelele kutoka nje: "Msomi, soma upesi, kabati linazeeka!"

Nimetaja mawe. Acheni niwaambie kwa nini siyapendi. Mnunuzi mmoja wa pamba alileta kichwa cha kitanda cha kuunganisha, ubao mpana uliokuwa umejikunja kama ulimi wa ng'ombe anayelamba chumvi. Bugumba akaulaza sakafuni, akaupandishia mawe ya kusagia aliyoazima kwa majirani, akauacha hivyo wiki nzima. Mwenye mali alipokuja, tukaondoa mawe mbele yake. Ubao ulikuwa umenyooka kama maji kwenye beseni. Bugumba akakunja mikono kifuani. Tukiwa tumesimama pale, tukauona unaanza kuinuka polepole, kama mzee anayeamka bila kutaka kusaidiwa.

Yule mnunuzi akauangalia mpaka ulipotulia. "Wabeja, fundi," akashukuru. "Naona bado unapumua."

Mawe yanaushinda ubao kwa muda tu. Kile kilichoukunja, yaani tofauti ya maji kati ya uso na uso, mawe hayakigusi. Sikulijua hilo siku ile. Nilidhani tu kwamba tulihitaji mawe makubwa zaidi.

Basi tufike kwenye mlango wenyewe.

Kijiji kimoja upande wa Zagayu kilikuwa na chumba cha zahanati na muuguzi mmoja. Baada ya kuuza pamba wakachangishana, wakanunua kabati la dawa, la boksi, kwenye duka la mjini Bariadi. Duka likamtaka fundi wa kwenda kuliunganisha. Bugumba alikuwa Lamadi akiwajengea rafu wafanyabiashara wa samaki, akaniachia maneno kwa mkewe: "Mwambieni Msomi aende. Kabati ni kabati."

Nikapanda lori lililokuwa linakwenda kuchota pamba, mimi na boksi langu, chini ya turubai lenye matundu. Mvua ikatukuta njiani. Nililifunika boksi kwa koti langu, kisha nikawaza kwamba koti likilowa litalilowesha boksi, nikaliondoa, kisha nikalirudisha. Nilifika nikiwa nimelowa, na boksi limelowa upande mmoja.

Muuguzi alitupokea mlangoni. Aliitwa Limi, mwanamke mfupi wa Shishiyu, mwenye maneno ya haraka kuliko miguu yake, na miguu yake haikuwa mizito.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu, kama mtu anavyomsalimu mama.

"Mwadila. Lakini mayu umemwacha nyumbani kwenu. Mimi ni Sista."

Aliniambia yote wakati nikifungua boksi. Zamani dawa zilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Mkaguzi alipokuja kutoka wilayani akamwambia, kwa adabu kabisa, kwamba hawezi kuacha dawa mahali pasipofungika. Akaondoka nazo. Tangu hapo mama mwenye mtoto wa homa anamfunga mgongoni na kutembea mpaka mjini, na masika mto ukijaa hatembei. Mkaguzi angerudi baada ya mnada wa ng'ombe uliokuwa unakuja. Akikuta kabati linafungwa kwa ufunguo, boksi la dawa linabaki. Akikuta halifungwi, boksi linaendelea na safari kwenda kijiji kingine, na wao wanangoja mpaka msimu mwingine.

"Mtoto wa Mboje hakuvuka," Sista akasema. Alikuwa anafuta meza. Aliendelea kuifuta pale pale hata ilipokuwa imeshakauka, na mimi sikuuliza Mboje ni nani.

Mwili wa kabati ulisimama vizuri. Kumbukeni hili: msikaze skrubu hata moja mpaka zote ziwe zimeingia, halafu mzunguke mkikaza kidogo kidogo, kama mnavyokaza nati za gurudumu. Shida ilikuja kwenye mlango. Haukuwa andazi, nashukuru. Ulikuwa mbao za paina zilizogundishwa ubavu kwa ubavu. Lakini waliouunda walipaka vanishi upande wa nje tu, ule unaoonekana dukani, na upande wa ndani wakauacha mtupu. Mvua ikaingia kwa upande ule mtupu ulioachwa wazi. Upande wa ndani ukanywa, ukatanuka, na ubao ukajikunja kuelekea nje. Nilipouning'iniza kwenye bawaba, kingo zake zilichomoza kama midomo ya mtu aliyenuna. Ulimi wa kitasa ulikuwa mbali na tundu lake kiasi cha dole gumba kupita.

Sasa mtu mwingine angesema mlango umepinda. Mimi nilijiambia huenda ni bawaba. Nikazifungua, nikazifunga. Huenda ni sakafu. Nikapima sakafu kwa maji kwenye sahani. Huenda kabati limekaa mshazari. Nikapima kwa kamba kutoka kona hadi kona, pande zote mbili, kisha nikaogopa kwamba kamba yenyewe inavutika. Sista alikuwa amekaa kwenye kitanda cha wagonjwa akinitazama.

"Fundi," akasema, "huo mlango unautengeneza au unauposa? Maana unauzunguka kama mtu aliyekuja na mahari pungufu."

Nikautoa mlango, nikauegemeza ukutani chini ya upenu, nikasema nitaamua asubuhi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Maduhu, ambaye ndiye aliyenipa mahali pa kulala, alikuja kuuona. Alikuwa na ng'ombe wengi na alikuwa ameuza ngozi tangu ujana wake. Aliupapasa mlango kwa kiganja kutoka juu hadi chini.

"Kitu hiki nakijua," akasema. "Ngozi ikikauka vibaya inakunjamana hivi hivi. Unailowesha, unaiwamba, inanyooka. Haina maneno."

Nikacheka kwa heshima. Nilidhani ananisimulia. Nimeishi na watu wetu miaka mingi baada ya hapo, na nimejifunza kwamba mzee wa Kisukuma akizungumza nawe habari za ng'ombe, hakusimulii. Anakutaarifu.

Asubuhi mlango haukuwepo.

Niliukuta kando ya lambo la kunyweshea mifugo. Walikuwa wameulowesha ndani ya maji wote mzima, wakautandaza chini juani, na kuukaza kwa vigingi na kamba za ngozi zilizopita juu yake, kila ukingo. Wazee watatu wanne walikuwa wamekaa kwenye tuta wakitafuna michembe, viazi vilivyokaushwa.

"Mwangaluka, ng'wanawane," Mzee Maduhu akaniamkia, kama mtu amwitavyo mwanawe. "Njoo. Wewe umelala, sisi tumekuamshia kazi."

"Mzee, mmeulowesha?"

"Tangu jogoo la kwanza. Umekunywa vizuri sana."

"Wote?"

"Ngozi hailoweshwi nusu."

Nikaangalia. Upande mtupu ulikuwa juu, upande wa vanishi chini. Nikamuuliza kwa nini wameulaza hivyo, akanitazama kama nimemuuliza kwa nini watu hutembea kwa miguu. "Upande wa nyama ndio unaotazama jua. Wa manyoya unalala chini. Tangu lini ngozi ikawambwa manyoya juu?"

Kwake yeye, ule uso unaong'aa wa vanishi ulikuwa manyoya.

Sikuweza kumkatalia mwenyekiti mbele ya wenzake, katika kijiji chake, kwa mlango walioununua kwa pamba yao. Na nilikuwa na hofu nyingine, kwamba huenda yeye ndiye yuko sahihi. Hivyo nikakaa nao. Jua likapanda. Mchana tukafungua kamba, na mlango ukaruka juu kidogo kama kitu kilichofinywa. Ulikuwa umejikunja. Safari hii ulijikunja kinyume, bonde likiwa upande mtupu, tumbo likiwa upande wa vanishi.

Wazee wakainama kuutazama.

"Gashi!" Mzee Maduhu akashangaa. "Ngozi ya ng'ombe haina tabia hii."

"Labda ni ya punda," mmoja wa wazee akamjibu.

Sista alifika wakati wanacheka. Aliuona mlango, akaweka mikono kichwani, akakaa chini palepale kwenye vumbi na sare yake nyeupe. Wakaacha kucheka. "Mzee Maduhu," akasema kwa sauti ndogo, "mwenzetu ulikuwa unataka dawa au viatu?"

 Mzee alianza kukusanya kamba zake. Niliona tope lililokaukia miguuni mwake, nikaelewa kwamba alikuwa ameamka gizani, kwa umri wake, akaingia kwenye maji ya baridi, kwa sababu ya maneno yale yale ya Sista kuhusu mto.

Mimi nilibaki kwenye tuta. Wengi wenu mna akili kama yangu, nawajua, inayozunguka jambo mpaka linachoka kuzungukwa. Watu huwaambia muache. Mimi sitawaambia hivyo, kwa sababu siku ile ilizunguka mahali palipofaa. Nilikuwa nawaza hivi. Jana mlango ulikuwa umejikunja kuelekea vanishi. Leo umejikunja kuelekea upande mtupu, kwa sababu jua limekausha upande mtupu. Haukuruka kutoka huku kwenda kule. Ulitembea. Na kama ulitembea, basi kulikuwa na muda fulani asubuhi hii, wakati wazee wanatafuna michembe, mlango huu ulipita mbele yetu ukiwa umenyooka kabisa, na hapakuwa na mtu wa kuuambia simama.

Nikasimama kabla sijaanza kulitilia shaka.

"Mzee," nikamwambia Maduhu, "usikusanye kamba. Mliuwamba vizuri. Umebaki kugeuzwa."

"Ngozi haigeuzwi."

"Hii inageuzwa."

Fanyeni hivi, kwa maana ndicho tulichofanya. Tulikata majani mabichi, tukayatandaza kivulini kwanza ili nipange kila kitu, kisha tukayahamishia juani. Juu yake tukaweka gunia lililoloweshwa na kukamuliwa. Lisichuruzike, liwe na unyevu tu. Mlango tukaulaza juu ya gunia, bonde chini, ili penye kiu pakae penye unyevu. Tumbo likatazama jua. Kabla ya hapo nilikuwa nimeparuza vanishi yote kwa msasa, maana ubao uliopakwa hautoi maji. Sikuweka jiwe hata moja. Unyevu chini, joto juu, basi.

Halafu mnatazama. Hamwendi kunywa chai. Nilichukua rafu moja ya kabati, iliyokuwa imenyooka, nikaisimamisha kwa ukingo wake juu ya mlango, nikainama kuangalia mwanga unaopita chini yake. Mwanga ulikuwa mwingi pembeni. Baada ya muda ukapungua. Nikaangalia tena, nikaangalia tena, mpaka Mzee Maduhu akaninyang'anya ile rafu.

"Unautisha ubao," akasema.

Akapiga goti, akafumba jicho moja. Nikakumbuka kwamba mtu huyu amesimama minadani maisha yake yote akipima migongo ya madume kwa jicho, na hakosei. Alikuwa akipima upana wa mwanga vizuri kuliko mimi. "Bado," anasema. Tunangoja. "Bado." Wazee wakasogea. "Bado, lakini mgongo unakaa."

"Tuutoe sasa," nikasema.

"Bado, nimekwambia. Mwanga upo."

 Jicho lake lilikuwa sahihi, mwanga ulikuwepo. Lakini nilikuwa nimeweka kiganja juu ya ubao na ulikuwa wa moto, na niliwaza kwamba kitu cha moto hakisimami ukikiambia simama. Kitaendelea kutembea hata kivulini. Tukiutoa ukiwa umenyooka, utanyooka na kupitiliza, na tutakuwa tumerudi kwenye mlango wa jana. Tukiutoa mapema mno, utabaki na bonde. Mnada ulikuwa umekaribia na hapakuwa na nafasi ya kuulowesha mara nyingine. Nilimtazama Sista. Hakunisaidia. Alisema tu, "Fundi ni wewe."

"Utoeni," nikasema.

Wakautoa. Mzee Maduhu aliushika upande mmoja, akinung'unika.

Tukaupeleka chini ya upenu wa zahanati, mahali penye upepo na pasipo jua. Chini tukapanga fito za unene mmoja ili hewa ipite, juu fito nyingine, na juu ya hizo boriti mbili zilizonyooka. Sikuwa na klampu. Mzee akazifunga boriti kwa kamba zake za ngozi, na hakuna klampu niliyowahi kununua iliyoshika kwa upole kama zile kamba. Nilimwomba asikaze sana. Kazi yake ilikuwa kuushikilia ubao mahali utakapojipeleka wenyewe. Ubao unaolazimishwa hulipiza kisasi.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Nilikula ugali wa mtama nyumbani kwa Mzee Maduhu bila kuuonja. Kila nilipokwenda kuuchungulia mlango, Sista alinifukuza: "Mgonjwa amelala. Ukimfunuafunua hatapona." Nilikuwa najifanya napita kwenda chooni. Choo kilikuwa upande mwingine kabisa, na kila mtu alijua.

Tulipofungua kamba, Mzee Maduhu ndiye aliyeweka rafu. Akafumba jicho. Akahama kona hii, akahama kona ile. Kisha akanipa mimi rafu, akaenda kuwafungulia ng'ombe. Niliangalia mwenyewe. Kwenye kona moja ya chini mwanga ulipenya kama uzi. Kwingine kote palikuwa giza.

Msifikiri kazi iliishia hapo. Ubao ulionyooka ambao haujafungwa mdomo utakunywa tena mvua ya kwanza. Nilipaka vanishi pande zote mbili, na zaidi kwenye vichwa vya mbao, juu na chini, maana huko ndiko ubao hunywea kwa mrija. Vanishi ikaniishia kabla ya ukingo wa mwisho, na Mzee Maduhu akaleta samli. Nilimkatalia kwa adabu. Samli haikauki, inashika vumbi, na panya wangeila zahanati. Niliparuza mkebe kwa kijiti mpaka ukingo ukatosha. Nyuma ya mlango nikafunga mikingamo miwili ya mbao ngumu, iliyokata upana wa mlango, kwa skrubu, na matundu ya skrubu kwenye mikingamo nikayafanya marefu kidogo badala ya duara. Ubao utatanuka masika na kusinyaa kiangazi, mpende msipende. Upeni nafasi ya kusogea bila kukunjika. Fundi anayebana kila kitu ataitwa tena kila mwaka.

Nilipomsimulia Bugumba haya baadaye, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo mlango mmeunyoosha wewe na wachunga ng'ombe." Halafu akaenda nyuma ya karakana, akakitoa kile kichwa cha kitanda cha mnunuzi wa pamba, kilichorudishwa muda mrefu, akaniuliza upande upi ndio wenye kiu.

Leo milango mingi ni andazi tupu. Hiyo msiiloweshe; ikipinda, mwambieni mwenye mali ukweli, mkate ubao mwingine. Nimechoka kuona vijana wakipoteza siku nzima wakibembeleza kitu kisichoponyeka kwa sababu wanaogopa kutoa habari mbaya. Lakini ikiwa ni mbao ya kweli, hata ikiwa nyembamba, hata ikiwa ya boksi, ina safari ya kurudi.

Mkaguzi alikuja baada ya mnada, juu ya pikipiki, na boksi la dawa limefungwa nyuma yake. Alikuwa mtu mpole, amechoka kwa njia. Sista alimkaribisha maji. Wazee walikuwa wamekaa nje, na hakuna aliyekuwa anatafuna chochote. Mimi nilisimama pembeni mwa kabati, na ile kona yenye uzi wa mwanga ilikuwa inanikodolea macho mimi peke yangu. Usiku uliotangulia nilikuwa nimesikia manyunyu juu ya bati.

Mkaguzi akageuza ufunguo, akafungua. Akafunga, akageuza. Akauvuta mlango kwa nguvu. Akafungua tena, akapitisha kidole kwenye ukingo, akakiangalia kidole.

"Miguu ya kabati hili," akasema, "iwekeni kwenye makopo yenye mafuta ya taa. Mchwa."

"Tutaiweka," Sista akasema.

"Basi njoo uhesabu dawa zako, utie sahihi."

Nje nilimsikia Mzee Maduhu akikohoa. Alikuwa hana kikohozi.

Lori langu la kurudi lilichelewa, kwa hiyo nilikuwepo mchana ule, nimekaa kwenye benchi, nikiutazama mlango na kuwaza mvua zinazokuja. Nilikuwa nimemwandalia Sista maelekezo. Kwamba vanishi haijakomaa bado. Kwamba ile kona ya chini isisukumwe. Kwamba mlango ufungwe taratibu, kwa mikono miwili, juu kwanza kisha chini, angalau mpaka mwezi uandame. Nilikuwa natafuta namna ya kuyasema bila kumtia wasiwasi.

Mama mmoja akaingia karibu anakimbia, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kikiyumba. Sista alimpokea mtoto, akamgusa shingo, akaenda naye kabatini akiwa amempakata, akafungua, akatoa chupa ya dawa ya maji. Mkono mmoja mtoto, mkono mwingine chupa, na kizibo ameking'ata kwa meno.

Nikafungua mdomo.

Akausukuma mlango kwa kiwiko, bila kugeuka kuutazama, huku akimwambia yule mama alete kijiko. Kitasa kikalia. Nikafunga mdomo, nikaenda kuleta kijiko.